Nani Alale Kwanza

Kompyuta ya kitalu ilipokataa kulala, lawama zilimwangukia Cicily, kwa kuwa ufunguo wa kibanda ilimowekwa alikuwa nao yeye.

Kikundi cha akina mama wa Mitunguu kilikuwa na miche ya ndizi chini ya neti, bado midogo, ya kuungua kwa jua la siku mbili tu. Maji yake yalifunguliwa na kufungwa na valvu, na valvu ziliamriwa na kompyuta hiyo. Ikishamwagilia asubuhi, Cicily alifunga kifuniko chake ilale, betri ya sola isiishe. Jioni alikifungua, nayo ikaamka. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na aliipenda kuliko alivyosema.

Lakini wiki hiyo alifunga kifuniko na taa ya kompyuta ikabaki inawaka mchana kutwa. Jioni betri ilikuwa imekauka, maji hakuna. Akina mama wakabeba ndoo, na miche mingine ikaanza kulegea majani.

Kinoti, fundi aliyekuwa ametoka kufunga kisanduku kipya cha kugawia valvu umeme, alikikagua akasema ni kizima.

"Mama Angeline, labda wewe unafunga kifuniko kwa nguvu," akamwambia Cicily. "Hii si sufuria."

Akina mama wakacheka. Cicily naye akacheka, ila alirudi nyumbani moyo mzito. Mwenyekiti wao, Regina, akamwambia kwa upole kwamba Jumapili baada ya ibada watazungumza, pengine ufunguo apewe mtu mwenye macho mazuri zaidi. Cicily alimpigia simu mjukuu wake Wawira, wa kule Kianjokoma, anayefanya kazi za kompyuta akiwa kwa mama yake.

Wawira alifika kesho yake kabla ya saa sita. Hakuuliza nani kaharibu. Alikaa juu ya kreti, akamwomba Kinoti alete betri yenye chaji, kisha akaiambia mashine iandike kila kitu inachokilaza. Akamwomba nyanya yake afunge kifuniko vile afungavyo kila siku. Taa ikabaki inawaka. Wawira akaiwasha upya, akasoma, akasoma tena.

"Cucu, si mkono wako," akasema. "Ni mpangilio."

Akawaeleza polepole. Ndani kabisa ya mfumo kuna kiini, na hicho ndicho kinacholaza vifaa, kimoja kimoja, kabla mashine haijaweka kumbukumbu zake zote kwenye diski na kujizima. Kiini hutazama nani alikuja mwisho, kikamlaza huyo kwanza. Wakati wa kuamka hurudi kinyume, wa kwanza kuja ndiye wa kwanza kuamka. Mara nyingi ni sawa, maana waliokuja nyuma huwategemea waliotangulia. Lakini kisanduku cha Kinoti kilikuja mwisho kabisa, na ndicho kinacholisha valvu. Kikalazwa kwanza. Valvu zikaamriwa zifunge zikiwa hazina umeme, hazikuweza kujibu, na kiini kikabaki kinangoja.

Cicily akafikiri kidogo. "Kumbe wamemlaza bibi harusi kwa sababu kaja jana, na chakula cha watoto anacho yeye."

Kinoti alicheka mpaka akaegemea mlango. "Na bibi harusi nimemleta mimi."

Wawira akaandika mistari michache, akikiambia kiini kwamba valvu zinategemea kile kisanduku: zilale kabla yake, na chenyewe kiamke kabla yazo. Akamwachia Cicily kifuniko.

Akakifunga. Valvu zikalia tak, tak, moja baada ya nyingine, halafu taa ikazimika. Wakangoja. Cicily akauliza kwa sauti ndogo kama imelala au imekufa. Wawira akamwambia afungue, aone mwenyewe. Maandishi kwenye kioo yakarudi palepale yalipokuwa, na huko chini ya neti maji yakaanza kunyunyizika.

Cicily alisimama mkono ukiwa ndani ya yale maji, akamshukuru Mungu bila kufumba macho. Kinoti akaja karibu.

"Nisamehe, Mama Angeline. Ile ya sufuria niliisema vibaya."

Cicily akamwambia abaki, kuna ndizi za kupika. Regina alipopigiwa simu, alisema basi hakuna la kuzungumza Jumapili, ufunguo ukae ulipo.

Wawira alikuwa bado anaandika. Alisema anawatumia marekebisho wale wanaotunza kiini, wako mbali sana, ili mwingine mwenye kisanduku kama hicho asipate taabu.

"Watu hao unawajua?"

"Siwajui, Cucu. Tunaandikiana tu."

Cicily akawafikiria watu asiowajua, walioketi mahali fulani wakipanga nani alale kabla ya nani, na miche yake ikapata kunywa. "Basi waambie asante. Ya kikundi chote."

Wawira akasema barua za namna hii huwa hazina salamu.

"Wewe andika."

Akaandika. Cicily akainama begani kwake, akafuata mistari kwa kidole, taratibu, hadi akaliona neno asante. Ndipo akaenda kumenya ndizi.