Siku Baba Alipoposa

Binti, mwanafunzi wa historia, alikuwa akimenya viazi jikoni aliposema kwamba Injili ni hadithi za kutungwa. "Baba, mwandishi huyu anasema kaburini alifika mwanamke mmoja, yule anasema watatu."

Baba, mhubiri, hakukasirika. Alimwomba mkewe asimulie alivyoposwa.

"Ulikuja na mjomba wako, mvua ikinyesha," mama akasema.

Shangazi akadakia huku akiosha vyombo, "Mvua gani, wifi? Jua lilikuwa kali, na alikuja na mimi."

Wakabishana mpaka wakacheka hadi machozi yakawatoka.

"Basi posa ilitungwa?" baba akauliza.

"Posa ilikuwepo," binti akakubali akitabasamu. "Lakini kati ya mvua na jua, kimoja mmekitunga. Nitakitafuta."

"Kitafute, mwanangu," baba akasema, akachukua kisu amsaidie kumenya.