Tumbo la Meja na Harusi ya Alois

Zilibaki siku tano Alois afunge ndoa na Veneranda, na mtu mzima yule, mpishi aliyekuwa na miaka kumi na miwili kazini, alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi za memsabu akikagua mavi ya mbwa.

"Namna gani leo?" memsabu aliuliza kutoka barazani.

"Maji, memsabu."

"Maji tena!"

Mbwa mwenyewe aliitwa Meja. Alikuwa na miguu mifupi, masikio ya kuburuta, na tumbo lililoishinda nyumba nzima kwa wiki tatu sasa. Alikuwa amekaa pembeni akiwatazama kwa upole mkubwa, kana kwamba habari hizo hazimhusu. Bwana Misitu, mwenye nyumba, alikuwa safarini porini akihesabu miti ya serikali, na daktari wa mifugo alikuwa Bukene akichanja ng'ombe. Kwa hiyo tumbo la Meja lilibaki mikononi mwa watu wawili, memsabu na kitabu chake cha kufuga mbwa, na Alois na masufuria yake.

Na Alois alikuwa amejaribu, jamani. Alianza na makopo ya nyama yaliyotoka Ulaya, Meja akaharisha. Akahamia wali na kuku wa kuchemsha, kama kitabu kilivyosema, Meja akanusa, akala vijiko viwili kwa heshima ya mpishi, akaondoka zake, na jioni akaharisha. Akajaribu nyama ya kondoo isiyo na mafuta. Akajaribu mayai. Akajaribu maziwa yaliyoondolewa utando, na siku hiyo ilibidi zulia la sebuleni lianikwe uani mpaka Jumapili. Babu yake Alois alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, miezi mitatu kwa miguu, akila alichokuta njiani, na haikusikika kwamba tumbo lake liliwahi kumsumbua mtu. Mjukuu wake sasa alikuwa akipima wali wa mbwa kwa kikombe cha chai.

Memsabu alishuka ngazi, akasimama mbele yake, akafunga kitabu.

"Alois, mimi nimekata shauri. Kama Ijumaa asubuhi Meja hajapona, wewe unapanda treni naye kwenda Mpwapwa, kwa madaktari wakubwa wa wanyama. Meja anakupenda wewe. Kwa mtu mwingine atalia njia nzima."

Alois aliinuka kutoka kwenye nyasi. "Memsabu, Jumamosi ni harusi yangu."

"Utaoa ukirudi."

Utaoa ukirudi! Alisema hivyo kwa sababu hakuwa Mkatoliki na hakujua kalenda. Jumatano ya wiki iliyofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu ya mwaka ule wa 1953, na Padri alikwisha kusema mara tatu kanisani, huku akimtazama Alois, kwamba Kwaresima ikiingia hafungishi ndoa ya mtu yeyote, awe mpishi awe mtemi. Kwenda Mpwapwa na kurudi, na siku za kumsubiri daktari, basi majivu yangemkuta njiani, pengine pale Kigwa, na mbwa mapajani. Halafu angoje mpaka Pasaka. Veneranda alikwisha kumngoja miaka miwili. Alikuwa misheni kwa masista, akifundishwa mambo ya ndoa, akihesabu siku. Pombe ya mtama ilikwisha kupikwa kwao. Alois alimpenda yule msichana mpaka akawa anatia chumvi mara mbili kwenye supu ya memsabu, na alijua kabisa kwamba moyo wake hauwezi kuvumilia Kwaresima nzima.

Jumanne alikwenda Kanyenye kwa Mzee Abbasi, mchinjaji, aliyekuwa na ulimi mkali kama visu vyake. Meja alifuata nyuma. Mzee Abbasi alipomwona aliinua kanzu yake akarudi hatua tatu.

"Shikamoo, Mzee Abbasi."

"Marahaba. Huyo bwana mkubwa wako akae huko huko mtaroni. Akinigusa itabidi nioge mpaka kesho. Haya, leo anataka nini? Ini? Figo? Au tumletee na kitambaa cha kufutia mdomo?"

Alois alimweleza yote, treni, Mpwapwa, Kwaresima, Veneranda. Alipolitaja jina la Veneranda, Mzee Abbasi akaacha mzaha, akaweka kisu chini.

"Sikiliza, mwanangu. Wewe unampa vijiko viwili vya wali, anaharisha ndoo. Hiyo hesabu inatoka wapi? Na mtazame mgongo ulivyonona. Mbwa huyu ana nyumba nyingine. Acha kuchagua chakula, kwanza umfuate ujue anakula wapi."

Alois alisimama pale na nyama yake mkononi akiona aibu. Mpishi wa miaka kumi na miwili, na wazo hilo halikumjia.

Kwa hiyo Jumatano, baada ya chakula cha mchana, alijificha nyuma ya banda la kuni. Meja alinusa wali wake, akaula kidogo, akatazama huku na huku, kisha akapenya chini ya ua na kushika njia. Si kwa kuzurura. Alikwenda kama mtu mwenye kazi, mkia juu, akavuka reli, akashika ile njia ya kale ya wapagazi inayotoka mjini, akapita kisima, akakata kushoto. Alois alimfuata akijibanza kwenye miembe, mara mbili akasalimiana na watu huku amechuchumaa, hakuwa na muda wa kueleza.

Alipouona ua wa minyaa mbele yao, alisimama ghafla.

Ulikuwa ua wa nyumbani kwa kina Veneranda.

Sasa, kwa desturi ya Wanyamwezi, mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Hasemi naye uso kwa uso, hakai naye, hali mbele yake, wala hasogelei jiko lake. Tangu uchumba uanze Alois hakuwahi kukanyaga pale, kila kitu alikipeleka kwa mkono wa mshenga. Na hapo akakumbuka. Wiki tatu zilizopita mshenga alipeleka kaniki na jembe, na Meja, aliyependa matembezi, alifuatana naye.

Meja alipenya kwenye minyaa bila kubisha hodi. Ndani ikasikika sauti ya mwanamke, ya furaha.

"Karibu, karibu! Leo umechelewa. Pita kivulini. Mjumbe wa kwa mkwe wangu hatoki hapa na njaa."

Alois alichungulia kwa jicho moja tu, na alichungulia chini, kwenye bakuli. Mlenda uliojaa karanga za kutwanga. Ugali. Kipande cha samaki mkavu. Na pembeni, kama kitafunio, machicha ya ile pombe ya harusi yao. Wiki tatu! Mbwa wa memsabu alikuwa akikirimiwa kama ukoo mzima wa bwana harusi, na harusi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimharisha.

Alitaka kucheka na alitaka kulia, na badala yake akakohoa.

Ndani ukatoka ukelele. "Yesu na Maria! Ni nani mwenye viatu hivyo?" Ukasikika mshindo wa mtu akijifunika kanga gubigubi.

Alois aligeuka haraka, akaupa ua mgongo. Kukimbia hakuwezekani, Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Kusema naye hakuwezekani, mpaka awepo mtu wa katikati wa kupokea maneno. Na hapakuwa na mtu. Mama Apolinaria, mama yake Veneranda, alikuwa peke yake, mume wake shambani. Alois alitazama kulia na kushoto, jasho likimtoka, na mwishoni akamwona mjumbe pekee aliyekuwepo.

"Meja," alisema kwa sauti, "mwambie mama shikamoo."

"Marahaba," sauti ilijibu, kisha ikajirekebisha. "Meja, mwambie huyo aliyeko nje, marahaba. Umwulize amefuata nini kabla ya siku yake."

Meja aliendelea kula.

"Meja, mwambie mama ninaomba radhi. Ni habari ya tumbo." Hapa Alois alikwama, maana mkwe hawezi kukitia ila chakula cha mama mkwe, hata kwa kupitia mbwa. "Mwambie wewe, Meja, una tumbo dhaifu. Wiki ya tatu hii. Kila kizuri unachokula hakikai. Na kama hujapona Ijumaa, unapelekwa Mpwapwa, na harusi inaingia Kwaresima."

Ndani ya ua kigoda kilisogezwa karibu na minyaa.

"Meja," sauti ikasema, polepole sasa, "mwulize hilo tumbo. Linauma au linakimbia tu?"

"Linakimbia, mwambie mama."

"Na usingizi?"

"Upo, ila wa kukatizwa."

"Maskini." Alois alisikia kanga ikipangusa uso. "Na mama yake yuko wapi, wa kumpikia?"

Alois alifikiri. Meja alinunuliwa Ulaya akiwa kitoto, ndani ya kapu. "Hana mama," alijibu. "Alitengana naye bado mdogo."

Mama Apolinaria alipenga kamasi.

"Meja, mwambie aniambie hilo tumbo linataka nini, nami nitapika."

Alois akafungua moyo wake wote wa upishi huku anautazama mwembe. Uji wa mtama, mwepesi. Kuku wa kuchemsha, bila ngozi, bila mafuta. Chumvi hapana. Karanga hapana kabisa. Machicha, mama atusamehe, hapana hata ya kuonja. Kidogo kidogo, asubuhi na mchana.

"Bila chumvi!" sauti ilishtuka. "Meja, mwambie huyo aliyeko nje kumpa mgeni chakula bila chumvi ni kumfukuza."

"Meja, mwambie mama mgeni ni mgonjwa."

"Haya," sauti ikasema. "Haya. Tutafanya hivyo. Na umwambie aende kwa amani, siri hii haitoki kwenye ua huu."

Alois hakuelewa siri gani, lakini alikwisha kuanza kukimbia.

Alhamisi wali wa Alois haukuguswa. Meja alivuka reli asubuhi, akavuka tena mchana, na kila aliporudi midomo yake ilikuwa na uji mweupe. Alois hakulala. Alisali rozari, akachanganya, akaanza upya, na Ijumaa jua lilipochomoza treni ya kwenda pwani ikiwa tayari inapiga filimbi stesheni, alikuwa amesimama kwenye nyasi, begi miguuni, na memsabu kando yake na miwani yake na kitabu chake.

Meja alizunguka. Akanusa. Akazunguka tena, akabadilisha mahali, akatafakari. Kisha akachuchumaa.

Memsabu aliinama. Aliinama sana. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwekundu kwa furaha.

"Alois! Njoo! Tazama! Moja, mbili, tatu, na zote ngumu!"

Alois alitazama, na katika maisha yake hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile asubuhi. Alilipiga teke begi lake. Alimbeba Meja, akaruka naye, akazunguka bustani ya waridi akiimba wimbo wa kulima, na memsabu, mwanamke wa kupima kila kitu, alipiga makofi bila mpango wowote. Treni ikaondoka bila wao.

Harusi ikawa. Padri alitabasamu, Veneranda alitetemeka, Alois akajibu "Ndiyo" kabla hajaulizwa, kanisa likaangua kicheko. Ngoma zililia kutoka misheni mpaka kwenye ua wa minyaa. Memsabu alikuja na kofia yenye maua, na Meja na utepe shingoni. Mzee Abbasi, aliyemchinja ng'ombe wa karamu, alikaa upande wa pili kabisa wa uwanja akimpungia mbwa mkono kwa mbali.

Chakula kikatoka. Wali wenye mafuta yanayong'aa, nyama, kuku wa kukaanga, maharage ya nazi iliyoletwa na treni. Alois alikuwa hajala vizuri tangu Jumatatu. Alikunja mikono ya shati. Ndipo shangazi wa Veneranda akaja taratibu, akapiga goti, akaweka mbele ya bwana harusi bakuli moja lililofunikwa kwa kitambaa kilichodariziwa. Akafunua.

Uji wa mtama, mwepesi. Juu yake kipaja cha kuku, cheupe, bila ngozi.

Na chini ya meza, mbele ya Meja, shangazi akaweka sinia la wali na nyama, lenye mchuzi mpaka pembeni.

"Wamekosea," Alois alinong'ona. "Veneranda, hiki ni cha mbwa."

Veneranda aliinama sikioni mwake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Mama hakukosea. Ameniambia jana. Amesema, 'Mume wako ana adabu, mwanangu, sijaona mkwe wa namna ile. Ameugua wiki tatu, hana mama wa kumpikia, na kwa heshima yangu akamsingizia mbwa.' Uji ule alimpa mbwa ili asikuvunjie heshima, mpaka siku yako ya kupikiwa mwenyewe ifike. Ameamka tangu saa tisa usiku kukupikia uji huo."

Alois alifungua mdomo aeleze. Akaufunga. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka sita, na tangu hapo amepikia watu maelfu ya sahani, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama tumbo lake linamruhusu kulala. Machozi yakamtoka waziwazi mbele ya wageni wote. Alichukua kijiko. Akala uji ule usio na chumvi, akala na kipaja, akakwangua bakuli mpaka chini, huku harufu ya nyama ya kukaanga ikimpita puani na Meja akitafuna kwa kelele miguuni pake.

Kisha akaupa ukuta wa nyumba mgongo, maana alijua nani amekaa nyuma yake.

"Meja," alisema kwa nguvu, "mwambie mama chakula kilikuwa kitamu."

Ngoma zilikuwa zimetulia kidogo, na kila mtu alisikia sauti iliyojibu kutoka upande wa pili.

"Meja, mwambie mwanangu, kingine kipo chunguni."