Fundi wa Datsun ya Rugambwa

Ildefons alikuwa fundi magari mjini Bukoba, na wema ndio uliomponza. Rugambwa alipomletea Datsun yake aiongeze nguvu kwa mbio za Saba Saba, kutoka Bukoba hadi Muleba, aliweka kando kazi zote. Alichonga silinda hedi, akafunga kabureta mbili. Alipolijaribu gari, akakataa kulitoa gereji.

"Sasa linakimbia kuliko linavyosimama," alisema.

Akang'oa breki za diski za gari lake mwenyewe, lile lililopinduka Kimwani, akazifunga kwenye magurudumu ya mbele ya gari la Rugambwa. Malipo hakutaka. Alitaka kiti cha pembeni siku ya mbio, amsomee rafiki yake njia. Rugambwa akakubali, na Ildefons hakuona haja ya shahidi. Mwaka wa Uhuru walikuwa wamekula omukago, udugu wa damu: kila mmoja alipaka buni damu ya chale ya tumboni mwake, mwenzake akaimeza, akawa munywani wake. Mtu wa namna hiyo unamwachia hata nyumba.

Asubuhi ya mbio alifika na shati jeupe, limepigwa pasi na mkewe, Joviana. Kitini mwake alimkuta Kashaija, fundi wa gereji ya jirani.

"Usikasirike, munywani wangu," Rugambwa alisema, macho yakiwa kwenye usukani. "Shemeji yake ndiye msimamizi wa mbio. Wewe tangulia na lori, utupokee Muleba."

Iliuma. Ildefons aligeuka aondoke, akaona gurudumu la mbele limelowa. Aligusa, akanusa. Mafuta ya breki.

"Nani amefungua hapa?"

"Nilitaka kuona ulivyozifunga," Kashaija alijibu.

Upepo ulikuwa umeingia kwenye mabomba ya breki. Kwenye mteremko wa Izigo pedali ingezama hadi chini, na hapo tungekuwa na msiba. Angenyamaza, nani angemlaumu? Lakini buni aliyoimeza haikumruhusu. Alipiga magoti na shati lake jeupe, akamwamuru Kashaija akanyage pedali, aachie, akanyage tena, hadi upepo wote ukatoka, kisha akapanda lori kwenda Muleba.

Rugambwa akashinda. Pale Muleba akaulizwa kwenye kipaza sauti gari limetengenezwa na nani. Alimwona Ildefons vizuri kabisa, shati limejaa mafuta. Akamshika Kashaija bega.

"Huyu ndiye fundi wangu."

Watu wakapiga makofi. Alichokihisi Ildefons hakikuwa hasira. Alikuwa amesalitiwa, na aliyemsaliti alikuwa na damu yake tumboni.

Baadaye Rugambwa alimfuata, mkononi ana kisahani cha buni za kutafuna, kama tunavyompokea mtu wetu. Akakinyoosha mbele ya watu wote.

"Tafuna, munywani wangu."

Hapa kwetu buni ya munywani haikataliwi. Ildefons aliweka mikono mgongoni.

"Mpe fundi wako," alisema, akaenda kutafuta lori la kurudi.