Mnong'ono Chini ya Upinde wa Stesheni

Cornelius Tibbs alifanya kazi ya uashi miaka arobaini na mmoja, na kama umewahi kupita mtaani kwetu, huku kaskazini mwa St. Louis, basi umeshapita mbele ya ukuta wake bila kujua. Mkewe alifariki, watoto wakahamia Atlanta, yeye akabaki jirani yangu: mtu wa kugusa kofia, kukusalimu, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Kwa hiyo aliposimama kanisani Jumapili moja na kusema anataka kujiunga na matembezi yetu, nilijua kuna jambo.

Matembezi yenyewe ni ya wazee wa kanisa. Kila Jumamosi tunakwenda kutazama majengo ya zamani ya mji, yale tuliyokuwa tukiyapita mbio enzi za kazi. Kiongozi wetu ni Odessa Rainey, mjane aliyeendesha basi la mji miaka ishirini na tisa, na sauti yake mpaka leo inafika kiti cha nyuma. Haikunichukua wiki mbili kugundua kwamba macho ya Cornelius yalikuwa juu ya majengo kwa nusu saa tu. Muda uliobaki yalikuwa juu ya Odessa.

Shida yake ilikuwa ulimi. Kwenye habari za matofali alikuwa hana mpinzani, lakini akikaa karibu na Odessa hakuwa na kingine cha kusema ila hayo hayo matofali. Jumamosi moja tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimuuliza amemwambia nini siku hiyo.

"Nimemwambia namna ya kuzuia maji yasipenye kwenye bomba la moshi," akasema.

"Naye akasemaje?"

"Alishukuru."

Nikaona nisipoingilia kati tutazikwa wote watatu kabla neno halijatoka. Ndipo nikamkumbusha habari ya ule upinde wa Stesheni Kuu. Upo mlangoni mwa ukumbi, chini ya dirisha la vioo vya rangi. Mtu akisimama upande mmoja na kunong'ona ukutani, sauti inapanda juu ya upinde na kushukia upande wa pili, hatua kumi na tano hivi, ikafika sikioni kwa mwenzake kana kwamba wamekaa kiti kimoja. Nikamwambia hana haja ya kumtazama usoni. Auelekee ukuta. Kuta amezizoea.

Alifikiria wiki nzima. Ijumaa alinigongea mlango kuniuliza koti gani livaliwe, la kijivu au la buluu. Nikasema la buluu.

Jumamosi hiyo tulikuwa watu saba. Tulianzia jengo la Wainwright, na Odessa akamwachia Cornelius atueleze. Akatusogeza karibu na nguzo, akatuambia tuache kutazama juu kama watalii, tutazame mistari ya saruji kati ya tofali na tofali jinsi ilivyonyooka. Alisema fundi aliyeipanga mistari hiyo hakuwa na haraka, na kwamba fundi mwenye haraka hujulikana hata akiwa amekufa miaka mia. Mama Earline Stokes, mkubwa wetu kwa umri, miaka themanini na mmoja na mkongojo, akasema kumbe ndiyo maana veranda yake imepinda, aliyeijenga alikuwa na miadi mahali. Tulicheka, hata Cornelius.

Kutoka pale tukaenda Mahakama ya Zamani. Hapo hatuchekeshani sana. Dred na Harriet Scott, mume na mke waliokuwa watumwa, waliingia mahakama hiyo kudai uhuru wao na wa binti zao wawili, na kwenye ngazi zake watu wetu waliwahi kuuzwa. Odessa ana desturi yake: husimama chini ya ngazi, akataja majina ya wale wanne polepole, kisha akakaa kimya mpaka aridhike. Cornelius alivua kofia. Tulipoanza kuondoka alimpa mkono Odessa ashuke ukingo wa njia, na Odessa akaushika, na nikaona kwamba hakuuachia mara moja. Mama Earline alinigusa kiuno kwa mkongojo wake. Naye alikuwa ameona.

Tukapanda treni hadi Stesheni Kuu. Treni za safari hazifiki tena kwenye ule ukumbi, siku hizi ni hoteli, lakini dari yake ya kijani na dhahabu ingali inamfanya mtu ashushe sauti. Nikampanga Cornelius upande wa kulia wa upinde, uso ukutani. Nikampanga Odessa upande wa kushoto, nikamwambia asikilize, kuna mtu ana neno. Alinitazama kwa jicho la dereva aliyepewa tiketi ya jana, lakini akasimama.

Kosa langu ni kwamba nikaenda zangu kuketi nisiwasumbue.

Mara tu nilipogeuka, mama mmoja mgeni mwenye watoto wawili alimwendea Odessa kumuuliza basi la kwenda bustani ya wanyama. Sasa, Odessa hawezi kukupa namba ya basi akakuacha uende. Atakuambia na kituo, na upande wa barabara wa kusimama, na siti isiyopigwa na jua. Akawachukua mpaka nje kuwaonyesha. Mama Earline, aliyechoka kusimama, akasogea kuegemea pale pale ukutani. Cornelius alikuwa amefumba macho.

Mazungumzo yaliyofuata nimesimuliwa na wote wawili, na hawajawahi kupingana hata neno moja.

"Nimekuwa nikitaka kukuambia tangu mwezi wa pili," Cornelius alinong'ona. "Nakupenda. Ningependa tuzeeke pamoja."

Kisha ukuta ukamjibu: "Kuzeeka tumeshazeeka. Sema lingine."

Mnong'ono hauna umri, na Cornelius aliuona ni utani wa Odessa kabisa. Akapata nguvu. Akasema basi waumalizie uzee pamoja, yeye atapika, kila Ijumaa atamkaangia kambare.

"Daktari amenikataza vya kukaanga."

"Tangu lini? Juzi tu kanisani ulikula vipande vitatu."

"Nilikula viwili. Cha tatu nilimpelekea paka."

Cornelius akasema hata na paka atampenda. Ukuta ukamuuliza kama anakoroma. Akakiri kwamba anakoroma kidogo. Ukuta ukasema: "Basi nakubali. Njoo unipe kiti."

Niliinua macho nikamwona anavuka mlango mzima huku anang'aa kama mtoto wa shule aliyefaulu, mikono mbele. Akafika. Akamkuta Mama Earline Stokes ameegemea mkongojo, anamngojea.

Nilidhani ataanguka. Hapo Odessa akaingia kutoka nje, akauliza kuna nini, mbona Kaka Cornelius amegeuka rangi. Mama Earline angeweza kumwaibisha yule mtu siku nzima, na ana ulimi wa kuifanya kazi hiyo. Badala yake akamshika Odessa mkono, akamsimamisha mbele yake.

"Huyu baba alikuwa na maneno yako," akasema. "Nimeyapokea kwa niaba, na ni mazuri. Ila safari hii ayaseme kwa sauti, mimi sisikii vizuri."

Cornelius akatazama ukuta. Kisha akaugeuzia mgongo, akamtazama Odessa usoni.

"Odessa," akasema, "nataka uwe mke wangu. Nilipanga maneno mengi lakini nimeshayamaliza."

Odessa akauliza ameyamalizia wapi. Sote watano tukamwonyesha Mama Earline. Odessa alicheka mpaka akashika ukuta, na wageni wa hoteli wakasimama na mizigo yao kututazama. Alipopata pumzi akasema atajibu wakifika kituo chetu, maana jambo kama hilo linahitaji angalau mwendo wa basi.

Ndani ya basi walikaa siti moja, na tukajitahidi kutosikiliza. Nilichokisikia ni kwamba nyumba ya Cornelius ina ngazi nyingi na goti la Odessa halizitaki. Kwa hiyo kama ni ndiyo, basi ni ndiyo ya Cornelius kuhamia kwa Odessa. Cornelius alijibu kabla basi halijageuza kona.

Walioana mwezi wa tisa. Nyumba ya Odessa ni ya mbao tupu kuanzia msingi hadi paa, na mtaani tunamtania fundi wa matofali kwamba ameenda kulala kwenye kasha. Yeye anasema kuna joto, na anaendelea kunywa kahawa yake barazani.