Kiinitete Namba Nne

Jumanne saa tisa alasiri Coralie Pascoe alikuwa jikoni kwake Ballarat akimenya boga, simu ikaita. Kilikuwa kiinitete chake namba nne, yai lake lililorutubishwa maabara, kinapiga kutoka kwenye tangi la baridi la kliniki ya uzazi. Sauti ilikuwa imekauka, lakini adabu kilikuwa nayo.

"Mama, wamesema sifai. Eti nina kromosomu moja ya ziada."

"Nani kasema?"

"Ripoti. Lakini seli walizopima wamezichuna kwenye ganda langu la nje, lile la kuwa kondo la nyuma. Mimi mwenyewe sijaguswa. Nimejihesabu mara tatu, mama. Ziko arobaini na sita, kama za kila mtu."

Coralie akavaa koti. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mayai yamekwisha, na vitatu vya kwanza vilipandikizwa vikatoka. Hicho ndicho kilichobaki.

Kule kliniki, Daktari Haddrick hakubisha kwamba kiinitete kimepiga simu. Vingine hupiga pia.

"Kinasema kweli," alisema. "Ganda si mtoto. Lakini ripoti ni ripoti. Tukipandikiza kilichoandikwa kibovu kikatoka, asilimia yetu ya mafanikio inashuka, na ndiyo tunayobandika mlangoni."

"Kwa hiyo mwanangu afe kwa ajili ya karatasi ya mlangoni?"

"Coralie, usinipandishie sauti."

"Nitapandisha mpaka paa ling'oke! Unaonja ganda, unaniambia boga chungu! Udaktari huo ulisomea wapi, machinjioni?"

Mlinzi akaitwa, akamtoa.

Fomu ya kukitupa Coralie alikataa kuitia sahihi, basi hakikutupwa wala hakikupandikizwa. Kliniki nyingine ziliisoma ripoti, nazo zikakataa. Waoga wakubwa, wote! Kila Jumanne kilipiga simu. Mwaka wa tano kilijua kusoma. Wa nane kikaanza kumbishia mama yake, kama watoto wote.

Juzi barua imefika. Kliniki imebadili utaratibu: viinitete vya namna hiyo sasa vinapandikizwa, na namba nne kinafaa kabisa. Wanampongeza. Ila Coralie ametimiza miaka hamsini na miwili, na wao mwisho wao wa umri wa kupandikiza ni hamsini na mmoja. Walisahau kuomba radhi.

Jumanne kilipopiga, alikiambia kwamba kinafaa. Kilifurahi mno, kikauliza ni lini.