Sindano ya Mama Karanga

Kwa nini mpwa wangu hakumpeleka zahanati mkewe mwenyewe? Sasa wewe mjukuu wangu, ungempeleka saa ngapi? Mwanamke anashona mashati kiwandani. Anaingia kazini zahanati haijafunguliwa, anatoka imeshafungwa. Jumapili yeye yuko nyumbani, na muuguzi naye yuko kwake. Ruhusa aliomba. Msimamizi akamjibu kwa upole kabisa, "Nenda, mama. Ila ukirudi utamkuta mwenzio kwenye cherehani yako."

Na mpwa wangu alikuwa anaungua. Alinijia anatembea kama kashuka punda. "Mjomba, nikikojoa ni pilipili tupu. Na usaha unatoka." Kisonono hicho hakukipata kwa mkewe, nisikufiche, na mkewe alishatutukana ukoo mzima, mimi nikiwemo. Vidonge vya dukani alimeza, usaha ukakauka, ukarudi. Mke naye akaanza kujishika chini ya kitovu.

Zahanati wakamrudisha. "Hapa hatutibu nusu," muuguzi akasema. "Ukipona wewe, yeye atakuambukiza tena. Njoo naye."

"Yuko kazini, dada."

"Basi kazi imtibu."

Ndipo wakakaa, mume na mke, na yule jirani yetu muuza karanga, wakapanga. Mama Karanga aende badala ya mke. Vidonge avifiche chini ya ulimi, akitoka avitunze, jioni mke mwenyewe ameze. Mke mwenyewe alimvalisha gauni lake, likambana, wakacheka mpaka machozi.

Wakaingia yeye na mpwa wangu, mimi nikaachiwa kapu la karanga mlangoni mwa zahanati. Pazia lenyewe fupi, sauti zote nje.

"Mama, geuka."

"Mimi? Si mnatoa vidonge?"

"Sindano kwanza. Au si wewe mkewe?"

Akisema si yeye, hata mpwa wangu anatoka bila dawa. Nikaona miguu ya Mama Karanga ikigeukia ukutani, polepole.

"Haya, na hivi vidonge. Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Halafu, "Mmeona? Mngekuja hivi toka mwanzo."

Jioni mke akafika, viatu hajavua, kiganja keshakinyoosha. "Viko wapi?"

Mumewe akaeleza, macho chini. Nikasema nitamfuata msimamizi mimi mwenyewe, mtu mzima, nimwombe. Mke akanitazama vile unavyomtazama mtoto anayeahidi kukujengea ghorofa. "Mjomba, wiki hii wameshafukuza wawili. Usinitaje jina hapo getini."

Akaingia jikoni. Tukasikia sahani. Akatoka na chakula, tukaketi sote mkekani. Mama Karanga, mzima kama jiwe, akaketi kwa upande mmoja, uso kaukunja.

Mke, mkono mmoja uko chini ya kitovu, kwa mwingine akamsogezea mto.

"Kalia huu, shoga. Nasikia hiyo sindano inauma."