Jina Moja, Karatasi Moja

Mama Léocadie alikuwa shefu wa avenyu moja, yaani kiongozi wa mtaa, huko Mabanga mjini Goma. Vita vilipowafukuza watu Rutshuru, wengi walipata hifadhi katika nyumba za avenyu yake. Aliwaandika wote katika kaye, daftari lake: jina, kijiji, na yale waliyomweleza ili awatafutie msaada. Mukamurenzi, aliyetoka Kalengera, alimwambia kwamba waasi walimchukua mume wake kwa nguvu. Hakuwa amemwambia mtu mwingine.

Kisha guruneti ikatupwa sokoni Birere, watu sita wakafa. Siku hiyohiyo Léocadie aliipeleka kaye kwa masista wa parokia wamfichie. Kesho yake asubuhi akaja Émile, afisa wa usalama, akaitaka.

Léocadie alimuuliza kama ana karatasi ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Hakuwa nayo. Léocadie akamweleza kwamba mwanasheria aliwafundisha mashefu: nyumba ya mtu na siri zake haziguswi bila sheria, hata wakati wa vita.

Émile hakufoka. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi.

"Mama, mudogo wangu Bénita alikuwa anauzisha pale. Wamemukata muguu ku hospitali."

Léocadie alikaa kando yake, akampa pole. Naye alitaka wauaji wapatikane. Lakini alijua kwamba kaye ikifunguliwa, Mukamurenzi ataitwa mke wa mwasi.

"Lete jina la mutu mumoja na karatasi ya parke," alisema. "Nitakupeleka mimi mwenyewe mpaka mulangoni. Kaye yote, hapana, papa."

Wakubwa wa Émile walimweka Léocadie ofisini kwao kutwa nzima, wakimwita mficha waasi. Majirani walikuja wakaketi nje, wakakataa kuondoka. Jioni akaachiliwa.

Siku ya nne Émile alirudi na karatasi yenye muhuri na jina la Laurent, mpangaji wa nyumba ya pili. Majeruhi mmoja alikuwa amemtambua. Léocadie alitangulia kama alivyoahidi, ingawa Laurent alikuwa mtu mpole aliyemsalimu kila asubuhi. Chini ya kitanda chake walikuta guruneti mbili ndani ya gunia la maharage.

Baadaye Émile alimuuliza kama kaye isingewafikisha pale mapema. Swali hilo lilikuwa limemsumbua hata Léocadie mwenyewe.

"Laurent ni muzaliwa wa Goma," alijibu. "Hayumo mu kaye. Mungeanza na wamama wa Kalengera."

Émile akamwomba amtembelee Bénita hospitalini.

Jumapili Léocadie alikwenda na fufu, yaani ugali, na samaki wadogo waitwao sambaza. Bénita alitaka kujua kwa nini alimkatalia kaka yake, na Léocadie akamsimulia yote bila kumtaja mkimbizi yeyote. Bénita alisikiliza huku akila polepole. Hakusema kama alikubali. Alimwomba tu arudi Jumapili nyingine.